Ufito nafuu wa kuvua besi: Mambo ya kuzingatia kabla ya kufungua mkoba

SAMAKI aina ya besi si mwenyeji wa Ziwa Naivasha. Asili yake ni Amerika Kaskazini, na alitiwa ziwani humo mwaka wa 1929 kwa ajili ya burudani ya walowezi waliopenda kuvua kwa mshipi. Miongo minne baadaye, mnamo 1970, akaingizwa mgeni mwingine kutoka bara lilo hilo: kamba mwekundu wa maji baridi, mwenye magando mawili makubwa, ambaye hutambaa chini ya maji penye tope na magugu. Besi alimtambua jirani huyo upesi, akamfanya kitoweo.

Uhusiano huo wa mla na mliwa ndio unaoeleza kwa nini wavuvi wa besi, huko Marekani na hata Naivasha, wanakipenda chambo bandia kiitwacho jigi. Hiki ni kichwa kidogo cha risasi kilichoshikamana na ndoana moja nene, kikavishwa sketi ya nyuzi za mpira au silikoni. Mbele ya ndoana huwekwa kijifagio cha nyuzi ngumu ili isinase kwenye mizizi ya mafunjo. Mvuvi hukiacha kizame hadi chini, kisha hukivuta kwa miruko mifupi, nacho hufanana mno na kamba anayekimbilia maficho.

Tatizo ni kwamba jigi haikubali kila ufito. Anayejinunulia ufito wa kwanza, hasa ule wa kuagizwa kutoka ng'ambo pamoja na gharama za usafirishaji na ushuru, hana nafasi ya kukosea mara mbili. Akichagua vibaya hataweza kuurudisha kwa urahisi, na samaki atakaowapoteza kwenye magugu watamfanya adhani kosa ni lake ilhali ni la chombo.

Jambo la kwanza la kuelewa ni tofauti kati ya nguvu ya ufito na jinsi unavyopinda. Wauzaji wengi huyachanganya mambo haya mawili. Nguvu ni kiasi cha uzito unaohitajika ili ufito upinde, na huonyeshwa kwa herufi zilizoandikwa karibu na mpini: L kwa mwepesi, M kwa wa kadiri, MH kwa uliozidi kadiri na H kwa mzito. Upindaji nao hueleza ni sehemu gani inayopinda. Ufito wenye alama ya F hupinda karibu na ncha tu, katika theluthi ya juu, na sehemu iliyosalia hubaki imara. Ule wa upindaji wa wastani hupinda hadi katikati.

Kwa jigi, ufito unaofaa ni ule wenye nguvu ya MH na upindaji wa F. Sababu ni za kimaumbile. Besi ana kinywa kigumu chenye mfupa, na ndoana ya jigi hutengenezwa kwa waya mnene. Kabla ndoana haijapenya, kile kijifagio sharti kwanza kilazwe. Yote haya yanahitaji pigo kali la ghafla, na ufito laini hulimeza pigo hilo kabla halijafika upande wa pili wa mshipi. Isitoshe, samaki akishanaswa hukimbilia penye mafunjo au chini ya magugu-maji, na mvuvi asiye na ufito wenye uti wa mgongo hubaki akitazama mshipi uliosokotana na mizizi.

Ncha, kwa upande mwingine, haipaswi kuwa gumu kama mwiko. Mara nyingi besi huidaka jigi inapozama, mshipi ukiwa umelegea, na dalili pekee huwa ni mguso mdogo au mshipi kusogea kando. Ncha nyepesi huupeleka mguso huo hadi kiganjani.

Ufito huo huo hufaa pia kwa minyoo ya plastiki inayotiwa chubwi lenye umbo la risasi ya bunduki, kwa kuwa nayo huburutwa chini na ndoana yake hufichwa ndani ya plastiki. Haufai sana kwa vyambo vya mbao au plastiki ngumu vyenye ndoana za miguu mitatu. Hivyo huhitaji ufito unaopinda polepole ili ndoana zake nyembamba zisichanike kutoka kinywani. Muuzaji anayedai kwamba ufito mmoja hufanya kazi zote kwa ubora ule ule anauza maneno.

Kuhusu urefu, futi saba, yaani mita 2.1 hivi, ndicho kipimo cha kawaida. Urefu huo humwezesha mvuvi kuuinua mshipi mwingi kwa mara moja anapopiga. Anayevua kutoka kwenye mashua ndogo iliyozingirwa na mafunjo anaweza kupunguza inchi tatu au nne bila hasara kubwa. Ufito wa kipande kimoja huleta mguso vizuri zaidi, lakini ni nani atakayeingia matatu na mti wa futi saba? Kwa asiye na gari, ufito wa vipande viwili ni uamuzi wa busara, almuradi kiungo chake kikae sawasawa bila kucheza.

Karibu na mpini huandikwa pia uzito wa chambo na nguvu ya mshipi. Kwa kazi hii, atafutwe ufito unaokubali chambo cha robo aunsi hadi aunsi moja, yaani gramu 7 hadi 28, na mshipi wa ratili 12 hadi 20. Jigi ya gramu 10 hadi 14 itamtosha anayeanza.

Bei huamuliwa zaidi na malighafi. Fito za faibaglasi ni nzito na huzima mguso, ila ni vigumu kuzivunja. Fito za grafiti, ambazo zilianza kuuzwa miaka ya 1970, ni nyepesi na zina hisi kali, lakini hazivumilii kugongwa. Kati ya mbili hizo kuna fito za mchanganyiko, na mfano unaojulikana sana ni Ugly Stik ya kampuni ya Shakespeare, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka wa 1976. Fito za jina hilo zimepata sifa kwa ugumu na bei nafuu, si kwa wepesi. Kwa anayevulia jigi, hisi ni muhimu kuliko ugumu, kwa hivyo grafiti ya daraja la chini mara nyingi humfaa zaidi. Fito za bei ya juu kabisa huongeza wepesi, lakini kila nyongeza ya pesa huleta tofauti ndogo kuliko ile iliyotangulia. Ikumbukwe kwamba besi mzito zaidi kuwahi kurekodiwa, wa ratili 22 na aunsi 4, alivuliwa Georgia, Marekani, mwaka wa 1932, miongo kadhaa kabla grafiti haijaingia sokoni. Uzito huo ulifikiwa tena mara moja tu, nchini Japani mnamo 2009.

Pesa zisigawanywe nusu kwa nusu kati ya ufito na rili. Jigi huvutwa kwa ufito, na kazi ya rili ni kukusanya mshipi uliolegea tu. Heri rili ya kawaida kwenye ufito mzuri kuliko kinyume chake. Anayeanza achague rili ya kuning'inia chini ya ufito. Ile ya kukaa juu hurusha jigi nzito kwa usahihi zaidi, lakini aina za bei rahisi huvuruga mshipi hadi mwanagenzi akate tamaa. Aina hizi mbili hazibadilishani fito: ya chini inahitaji ufito wenye pete kubwa, na ya juu inahitaji ufito wenye kifyatulio cha kidole chini ya mpini.

Dukani, mnunuzi asione haya kuukagua ufito. Kwanza aushike kama anayelenga shabaha, atazame kama pete zote zimenyooka katika mstari mmoja. Ufito wa futi saba wenye pete chache mno una kasoro ya ubahili. Kisha apitishe kipande cha pamba ndani ya kila pete. Kikinasa nyuzi, pete ina ufa, na ufa huo utaukata mshipi siku samaki mkubwa atakapovuta. Hatimaye atie rili, afumbe macho na kumwomba mtu aiguse ncha taratibu kwa ukucha. Asipousikia mguso huo mkononi, hatausikia wa samaki. Mpini wa sponji usidharauliwe, kwani gamba la kizibo kwenye fito za bei nafuu mara nyingi huwa limejazwa matundu kwa unga unaobanduka.

Baada ya kununua, adui mkubwa wa ufito ni mlango wa gari. Wa pili ni mvuvi mwenyewe anayemwinua samaki huku ameusimamisha ufito wima, ncha ikikunjwa kupita kiasi. Ufito wa grafiti huvunjika hapo bila onyo, na ndiyo maana samaki huchukuliwa kwa wavu mdogo au kwa kumshika mdomo wa chini. Kadhalika, grafiti hupitisha umeme. Usibebwe wima chini ya nyaya za stima, wala usiinuliwe ziwani radi inaponguruma. Leseni ya kuvua nayo itafutwe mapema katika ofisi ya uvuvi, na mwenye mashua aulizwe viboko wanalala upande gani, kwa sababu mafunjo anayoyapenda besi ndiyo wanayoyapenda wao.