Picha Haina Kinywa

Nyumbani kwetu Tanga mgeni hakuachwa akae bure. Akishapewa kiti na maji ya kunywa, na huko jikoni chai ikitiwa hiliki, aliwekewa mapajani albamu ya picha. Aliifunua taratibu, na mama akitoka jikoni, mikono ingali na unga, alisimama nyuma yake akizisoma picha kwa kidole: huyu mjomba wao alipomaliza darasa la saba, hii siku ya maulidi, huyu wa kanzu jirani yetu, Mungu amrehemu. Mgeni alicheka, akauliza, akajibiwa. Chai ilipofika, ugeni ulikuwa umekwisha.

Albamu ile ninayo mimi sasa, huku Minnesota, Marekani. Ni ya aina iliyovuma miaka ya 1970 na 1980, yenye kurasa za gundi na nailoni ya kufunika. Gundi imegeuka manjano na kuzing'ang'ania picha. Ukilazimisha kuzibandua, zinachanika. Lakini lililoniuma zaidi si gundi. Ukurasa wa tatu yupo mwanamke aliyesimama mbele ya pazia la studio, mkono juu ya meza yenye maua ya plastiki, na katika ukoo wetu hakuna aliye hai anayemjua. Mama aliyekuwa akiisoma picha ile ameondoka na sauti yake. Picha haina kinywa. Asipoisemea mtu, imenyamaza.

Ndiyo maana nikiulizwa mimi ni nani, baada ya jina na kwetu, husema: mimi ni mtengeneza albamu za kumbukumbu. Nasema kama vile fundi cherehani anavyosema yeye ni fundi. Kazi yenyewe ni kukusanya picha, tiketi ya basi, kadi ya harusi, kipande cha kitambaa, kuvipanga juu ya karatasi nzuri na kuviandikia maneno. Ni kazi yenye watu wake, na watu hao wana mila zao.

Historia yake hapa Marekani ni ndefu. Mwandishi Mark Twain, aliyekuwa akibandika makala za magazeti kwa bidii, alipata hataza mwaka 1873 ya kitabu chenye kurasa zilizokwishapakwa gundi, ambazo ungelowesha tu na kubandika. Huko Harlem, New York, L. S. Alexander Gumby alitumia miaka mingi kubandika habari za Wamarekani Weusi, wakati ambapo maktaba nyingi hazikujali kuzihifadhi; mwaka 1950 vitabu vyake viliingia Chuo Kikuu cha Columbia. Nikimfikiria Gumby naona kwamba mkasi na gundi vinaweza kuandika historia ya watu walioachwa nje ya vitabu.

Utamaduni wa leo ulianzia kwa mama mmoja wa Utah, Marielen Christensen. Kufikia 1980 alikuwa ametengeneza albamu zaidi ya 50 za familia yake, akaalikwa kuzionyesha katika mkutano mkubwa wa kumbukumbu za vizazi uliofanyika Salt Lake City. Utah ni makao makuu ya Wamormoni, watu wanaohesabu kutunza nasaba kuwa sehemu ya dini, kwa hiyo mbegu ile iliangukia udongo wenye rutuba. Mwaka uliofuata yeye na mumewe walitoa kijitabu cha mafunzo na kufungua duka katika mji wa Spanish Fork. Mwaka 1987 ikaanzishwa kampuni ya Creative Memories, ambayo wauzaji wake walikuwa wanawake wanaofundishana nyumba kwa nyumba. Ufundi huu, basi, umekua kwa kufundishana tangu mwanzo wake.

Mkusanyiko wa watengeneza albamu unaitwa kropu, neno linalotokana na kupunguza picha pembeni kwa mkasi. Wanawake, na siku hizi wanaume wachache, hukutana ukumbini au sebuleni jioni wakakaa mpaka usiku wa manane. Kila mmoja huja na sanduku lake la vifaa na chakula cha kuweka mezani kwa wote. Mkasi wa mawimbi, mashine ya kukatia karatasi, mihuri ya mpira, vyote hupita mkono kwa mkono. Kumnyima mwenzio kifaa ni aibu. Ukurasa wa mtu haukosolewi asipoomba ushauri. Swali linaloruhusiwa wakati wowote ni moja: hapa palitokea nini? Likishaulizwa, mikasi husimama na meza nzima husikiliza. Nimeyasikia mengi kwenye meza hizo: ndoa zilizovunjika, watoto waliozikwa, kaka waliopatana baada ya miaka 20. Kila Jumamosi ya kwanza ya Mei ni siku yao ya kitaifa, na kropu za siku hiyo huanza asubuhi.

Wana na miiko ya vifaa, na miiko hiyo imetokana na machungu kama yangu. Karatasi iwe isiyo na asidi wala lignini, kwa sababu lignini ndiyo inayoligeuza gazeti kuwa manjano likipigwa na mwanga, na asidi ya karatasi huhamia kwenye picha iliyolalia juu yake. Kipande cha gazeti hakibandikwi chenyewe. Hutolewa nakala kwenye karatasi salama. Mifuko ya kuhifadhia kurasa isiwe ya PVC, maana plastiki hiyo hutoa mvuke unaoharibu picha. Na wino uwe usiochuja.

Nilikaa kwenye kropu hizo miaka sita kabla ya kuthubutu kufundisha. Sasa kila Jumamosi asubuhi nina darasa katika chumba cha maktaba ya mtaani, wanafunzi 10 au 12: bibi wa Kimarekani, vijana wa Kisomali, akina mama wa Kikongo. Siku ya kwanza siwapi mkasi. Natandaza kanga mezani na kuwaonyesha sehemu zake: pindo linalozunguka, mji ulio katikati, na jina, yaani maneno yaliyoandikwa chini. Nawaambia ukurasa wa albamu umejengeka vivyo hivyo. Karatasi za rangi ni pindo, picha ni mji, na maneno yako ndiyo jina. Mwanamke wa pwani akienda dukani huona rangi kwanza, lakini hanunui kabla ya kusoma jina. Wanaelewa mara moja, hata wasiojua Kiswahili.

Kukata na kubandika hujifunzwa kwa siku mbili. Kazi ngumu ni kuandika. Mtu mzima aliyelea watoto watano hushika kalamu akaanza kutetemeka: mwandiko wangu mbaya, Kiingereza changu hakijanyooka, mimi sina la kusema. Nawaambia waandike kwa lugha wanayoiotea ndoto, kwa mwandiko huohuo, kwa kuwa mjukuu hatatafuta mwandiko mzuri. Atautafuta wa bibi yake. Furaha ya ualimu wangu iko hapo, katika ile dakika kalamu inapoacha kusita na mtu akainama, asisikie tena tunachozungumza.

Majira ya baridi yaliyopita alikuja mama mmoja wa Uvira, Kongo. Jumamosi mbili alikaa akiwasaidia wenzake kukata karatasi, yeye mwenyewe hana ukurasa. Ya tatu nikamsogelea. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Mwalimu, mimi siko na picha ya mama. Tulikimbia, vyote vilibakia."

Nilikaa kitako kando yake. Nikamwambia, basi leo tuanze na jina. Mji tutauacha wazi.

Alichagua karatasi ya kijani. Kutoka kwenye mkoba wake akatoa kipande cha kitenge, akakikata mraba na kukibandika pembeni. Kisha akaandika, herufi kubwa kubwa, kwa Kiswahili cha kwao: kwamba mama yake alikuwa anaanika ndagala, yaani dagaa, mchangani asubuhi mapema, kwamba aliwafukuza ndege kwa kuwaita majina kama watoto, kwamba alikuwa anakohoa kidogo kabla ya kucheka, na watoto wakisikia kikohozi kile walianza kucheka kabla yake. Katikati ya maandishi aliacha nafasi tupu, saizi ya picha, akaizungushia mstari wa penseli.

Bibi wa Kimarekani aliyekaa upande wa pili aliinua kichwa na kuuliza swali letu: hapa palitokea nini? Mama yule aliugeuza ukurasa umwelekee, akaweka kidole juu ya neno la kwanza, na kwa Kiingereza cha kuokoteza akaanza kusoma. Alipofika kwenye kikohozi alikohoa, kwa namna ile ile ya mama yake nadhani, na meza nzima ikacheka. Nafasi ile tupu katikati, kila mmoja wetu alikuwa ameshaona aliyemo.

Jioni hiyo nilirudi nyumbani nikaitoa albamu ya Tanga. Yule mwanamke wa studio hang'oki kwenye gundi, kwa hiyo nilimpiga picha upya, nikaisafisha na kumtengenezea ukurasa wake. Nimeandika: "Jina lake hatulijui. Alipigwa picha studio, amevaa vizuri, hana wasiwasi. Mama alikuwa akimtaja mbele ya wageni, nami nilikuwa mtoto, sikusikiliza." Chini yake nimepiga mistari mitatu na kuiacha wazi. Na mgeni akija kwangu, nikiwa natia hiliki kwenye chai, ukurasa huo ndio ninaomfungulia kwanza, kama ni mtu wa Tanga.