Kihamba cha Wachaga

Mahali pengi mkulima akisha kuvuna, shamba lake hubaki tupu mpaka mvua nyingine. Mabua hukauka, upepo hupeperusha vumbi, na ndege huhama kwa kuwa hapana chakula. Lakini katika mitelemko ya Mlima Kilimanjaro, nchini Tanzania, yako mashamba ya namna nyingine, ambayo hayajui mwezi wa utupu. Mwaka mzima mna kitu cha kuchuma humo, na mwaka mzima mna kiumbe cha kutazama. Wachaga, wenyeji wa mlima huo, huliita shamba la namna hiyo kihamba. Watu wengi hudhani kwamba siri ya kihamba ni udongo mzuri na mvua nyingi. Hayo ni kweli, lakini si yote. Siri kubwa ni mpango: kila mmea umewekwa mahali ambapo waweza kumsaidia jirani yake.

Vihamba viko juu ya tambarare na chini ya msitu wa mlima, kati ya mita 1000 na mita 1800 hivi juu ya usawa wa bahari. Nyumba hujengwa ndani ya kihamba chenyewe, hata mgeni apitaye njiani huona majani tu, asijue kwamba amekwisha kupita milango ya watu wengi. Kihamba kimoja si kikubwa. Vingi havifiki ekari mbili. Hata hivyo, wataalamu waliohesabu mimea ya vihamba walikuta aina zaidi ya 500, na katika hizo aina 400 hivi hazikupandwa na mtu, bali zimeota zenyewe.

Nyumba ya orofa nne

Mtu akitaka kukifahamu kihamba, na afikiri nyumba yenye orofa nne. Orofa ya juu kabisa ni ya miti mirefu. Hapo pana mfuruanje, wenye kichwa kipana kama mwavuli. Pana mringaringa, wenye mbao nzuri na maua meupe yapendwayo na nyuki. Tena pana msesewe, ambao gome lake chungu hutiwa katika mbege, kinywaji cha ndizi na ulezi. Miti hiyo huvunja makali ya jua, na mvua kubwa ikija huipunguza nguvu isiupige udongo na kuuchukua. Majani yake huanguka, yakaoza, yakawa mbolea. Mfuruanje una faida zaidi, kwa kuwa ni wa jamii ya kunde na maharage. Katika mizizi yake huishi vijidudu visivyoonekana kwa macho, navyo hutwaa hewani kitu kiitwacho naitrojeni, ambacho ni chakula cha mimea.

Orofa ya pili ni ya migomba. Orofa ya tatu ni ya mibuni. Mibuni haikuwako Kilimanjaro tangu zamani. Wamisionari waliileta mwishoni mwa karne ya 19. Lakini kwa asili mbuni ni mti wa misitu ya Uhabeshi, umezoea kukaa chini ya miti mikubwa, basi ulipopandwa chini ya migomba ulistawi kana kwamba umeandaliwa mahali. Orofa ya chini ni ya magimbi, maharage, maboga, mboga na majani ya ng'ombe. Viazi vikuu havikai katika orofa moja, bali hupanda juu ya miti mirefu kama mtu apandaye ngazi. Navyo viazi vyenyewe hukaa udongoni, vikawa akiba ya siku ya haja. Mpakani hupandwa masale. Mmea huo una heshima kubwa, kwa maana mtu aliyemkosea mwenzake humpelekea jani la sale kuomba msamaha, na kwa desturi ni vigumu kulikataa.

Ukoo wa mgomba

Mgomba mmoja huzaa mkungu mmoja tu, kisha hufa. Kama mkulima angengoja mgomba wake ufe ndipo apande mwingine, angekaa na njaa mwaka mzima au zaidi. Lakini mgomba haufi bila kuacha watoto, maana machipukizi mengi huota shinani pake. Mkulima mwenye akili hayaachi yote, kwa kuwa yatashindania chakula na yote yatadhoofika. Wala hayang'oi yote. Katika shina moja huacha matatu ya umri mbalimbali: mama mwenye mkungu, binti anayekua, na mjukuu aliyechomoza juzi. Mama akikatwa, binti hushika zamu yake, na mjukuu hupanda daraja. Shina hili likiwa bado linangoja, shina la pili lina mkungu ulio tayari. Ndiyo sababu katika kihamba kilichotunzwa ndizi hazikosekani mwezi wo wote.

Tena hapana kitu cha mgomba kitupwacho. Majani na vipande vya shina hupewa ng'ombe, au hutandazwa chini ili udongo usikauke. Ng'ombe hafungwi malishoni, bali hukaa zizini, na samadi yake hurudishwa penye mashina ya migomba. Hivyo kihamba humlisha ng'ombe, na ng'ombe hukilisha kihamba.

Mwaka mzima

Masika huanza mwezi wa Machi, na mvua huwa kubwa hasa Aprili na Mei. Maharage na mboga hustawi, na usiku vyura hulia kila penye maji. Katika majani mabichi mtu mwenye macho makali aweza kumwona kinyonga. Wa namna moja aishiye mlimani, dume lake lina pembe mbili puani. Watu wengi humwogopa kinyonga na kumwua, lakini hana sumu. Kazi yake ni kula wadudu. Basi amwuaye amemfukuza mtumishi asiyetaka mshahara.

Toka Juni mpaka Agosti ni wakati wa baridi na mawingu. Ndipo buni huanza kuiva. Huchumwa kwa mkono, zile nyekundu tu, na kwa kuwa haziivi zote pamoja, wachumaji hurudi penye mti ule ule mara nyingi, hata karibu na mwisho wa mwaka.

Jua likizidi, mwezi wa Septemba na Oktoba, mifongo ndiyo huokoa. Mfongo ni mfereji uletao maji kutoka katika mito ya msituni mpaka vihambani. Wachaga wa kale walichimba mifereji hiyo kabla Wazungu hawajafika mlimani, wakiyaongoza maji kwa mtelemko wa nchi tu, pasipo chombo cha kuyapandisha. Kila nyumba ina zamu yake ya maji, na mfongo ukiziba watu huitwa kwenda kuuzibua pamoja. Hata wasioitwa hufaidi: ndege huoga ukingoni, na vipepeo hutua penye tope kunyonya maji.

Vuli huja mwisho wa mwaka. Mvua ya kwanza ikinyesha, kumbikumbi hutoka ardhini, na ndege hufanya karamu. Wakati huo huo hufika mbayuwayu kutoka Ulaya, wakikimbia baridi ya huko. Siku chache baada ya mvua mibuni huchanua maua meupe, na harufu yake ni kama ya yasmini. Maua hayo hudumu siku mbili tatu tu, na nyuki huyajia kwa haraka, kana kwamba wamepewa habari.

Januari na Februari jua hurudi. Lakini kihamba bado ni kibichi, maana udongo uko chini ya kivuli na chini ya majani makavu. Ua la mgomba huning'inia zito mwishoni mwa mkungu. Mchana chozi, ndege mdogo mwenye mdomo uliopinda, huja kunyonya utamu wake; usiku popo hushika zamu. Katika miti mirefu hondohondo hutafuta matunda. Ndege huyu mwenye mdomo mkubwa ana desturi ya ajabu. Jike hujifungia katika tundu la mti, mlango ukazibwa kwa udongo, ukabaki ufa mwembamba, na dume humletea chakula hapo mpaka makinda yakue. Basi mti mzee wenye tundu ukikatwa, hondohondo hana pa kulelea makinda.

Faida na hatari

Mtu aweza kusema kwamba ndege na nyuki ni wa kufurahisha macho tu. Sivyo. Mwaka 2014 wataalamu walitangaza habari za majaribio waliyofanya katika mashamba ya kahawa ya Kilimanjaro. Mibuni mingine waliizuilia kwa nyavu, ili ndege na popo, au nyuki, wasiifikie; mingine waliiacha wazi. Ndege na popo walipopata nafasi ya kuwala wadudu, matunda yaliyoshika mtini yalizidi kwa kadiri ya 9 katika 100. Nyuki walipopata kufika penye maua, uzito wa matunda ulizidi kwa kadiri ya 7 katika 100. Ni viumbe wasioagizwa na mtu, nao humjazia mkulima gunia lake.

Lakini kihamba chaweza kufa. Vihamba vimegawanywa baba kwa mwana mpaka vimekuwa vidogo, na bei ya kahawa iliposhuka wengine waliing'oa mibuni. Tena mbao za mringaringa hununuliwa kwa fedha nyingi, na mwenye shida ya karo au ya dawa huutazama mti wake kama mfuko wa fedha. Haifai kumlaumu, maana shida yake ni ya kweli. Ila yampasa ahesabu vema. Mti ukianguka, jua huingia, udongo hukauka, na mvua ijayo huuchukua, mibuni huchoka, ndege hukosa pa kutua. Fedha huisha kwa siku chache, bali mti wa kushika mahali pale huchukua miaka mingi kukua. Kwa hiyo mkulima mwenye busara hapandi mti siku ile akatapo. Alikwisha kuupanda zamani, kama vile mgomba ulivyo na mjukuu wake tayari.

Mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa liliandika vihamba vya Shimbwe Juu katika orodha ya urithi wa kilimo wa dunia. Hiyo ni heshima kubwa, lakini orodha haipandi mti. Wapandao ni watu.

Si kila mtoto akaaye Kilimanjaro, wala si kila nchi ina mvua ya kutosha kwa migomba. Lakini mpango wa kihamba wafaa po pote. Penye uwanja mdogo wa nyumba mtoto aweza kupanda mti mmoja wa kivuli ufaao nchi yake, chini yake mpapai au mgomba, na chini kabisa mboga. Na atandaze majani makavu juu ya udongo, aweke maji kidogo kwa ndege wakati wa kiangazi. Kisha na awe na daftari, aandike kila mwezi ni mmea gani umechanua na ni ndege gani amekuja. Mwaka ukiisha atajua kwake ni mwezi gani ulio mtupu, na hapo ndipo atajua la kupanda.

Maswali

1. Taja orofa nne za kihamba na mimea ya kila orofa.
2. Kwa nini ndizi hazikosekani katika kihamba kilichotunzwa?
3. Eleza faida za ndege, popo na nyuki kwa mkulima wa kahawa.
4. Jirani yako ataka kukata mti wake wa pekee ili alipe karo. Utampa shauri gani?