Kilicho Chini ya Mng'ao

Kuchovya ni kukifunika chombo kwa tabaka jembamba la metali nyingine, mara nyingi ndani ya maji yenye chumvi ya metali hiyo yaliyopitishiwa umeme. Tabaka huchaguliwa kwa kuangalia kitakachokigusa chombo: jasho, tindikali au msuguano. Rangi hufuata, ingawa ndiyo inayouza.

Fedha za korosho zinapoingia Masasi na Newala, mkufu wa dhahabu ya kuchovya huwa miongoni mwa vinavyotamaniwa. Dhahabu ya bei ndogo mara nyingi haifiki mikroni 0.2, na mikroni 1 ni sehemu ya elfu ya milimita. Kwenye hereni, hiyo yaweza kutosha; kwenye pete huisha mapema, hasa upande wa kiganja. Pete ya kuvaliwa kila siku ipewe walau mikroni 2.5.

Chini ya dhahabu mara nyingi hutangulizwa nikeli, ili shaba iliyo ndani ya pambo isipenye na kuifubaza. Dhahabu ikilika, nikeli hugusa ngozi, na mwenye mzio huwashwa. Kwa mbangua korosho ni rahisi kukosea chanzo, kwa kuwa mafuta ya maganda nayo huunguza ngozi. Mafuta huchubua vidole na viganja ovyo; nikeli huacha alama yenye umbo la pambo, duara chini ya pete au doa kwenye ndewe. Mwenye mzio huo humfaa fedha halisi, ambayo hata ikifubaa husuguliwa ikarudi.

Kwa ndoo na mabati, zinki haina mpinzani. Hata palipokwaruzwa, zinki huliwa kwanza na chuma kikasalimika. Paa za Newala, zinazokinga maji ya mvua ya kunywa, hunufaika hapo. Tindikali, hata hivyo, huiyeyusha. Juisi ya mabibo, ukwaju au ndimu iliyolazwa kwenye ndoo ya bati yaweza kumtapisha mnywaji. Uraka, pombe ya mabibo, nao una tindikali hiyohiyo: usiwekwe humo.

Bomba linalong'aa limechovywa kromi, nyembamba mno. Inayozuia kutu hasa ni nikeli iliyo chini.

Kutu haichovywi juu yake: husuguliwa kwanza hadi chuma kionekane. Wala kazi hii si ya uani, kwa maana maji ya kuchovya dhahabu mara nyingi huwa na sayanidi.