Rika Lake Liko Wapi?

Mwanamke aliyefiwa na mumewe tunamwita mjane, na hakuna asiyelijua neno hilo. Mwanamume aliyefiwa na mkewe ni mgane. Nikilitamka neno hili Nyakato, hapa Musoma, hata watu wazima huniuliza maana yake. Nadhani limesahaulika kwa sababu zamani mgane hakuachwa abaki mgane kwa muda mrefu: ndugu walikaa kikao, wakamtafutia mke, maisha yakaendelea. Siku hizi ndugu hawakai tena. Mgane na mjane wote wameachiwa jambo lao walimalize wenyewe, na wengi wanalimaliza kwa kunyamaza.

Kazi yangu ya ustawi wa jamii hunipeleka kwenye nyumba za wazee kila wiki, na mmoja wao ameniruhusu nisimulie yake bila kumtaja. Ni mwalimu mstaafu, ana miaka 74. Mkewe alipofariki, mwanawe alimchukua akaishi naye Dar es Salaam. Alipewa chumba chake, feni, runinga na dada wa kumpikia uji wa lishe. Mwanawe aliondoka alfajiri na kurudi saa tatu usiku kwa sababu ya foleni. Wajukuu walimwamkia, wakaingia kwenye simu zao. Baada ya miezi michache presha yake ilikuwa haishuki hata kwa dawa, na suruali zimeanza kumpwaya. Aliomba nauli akarudi Nyakato. Nilipomuuliza kilichomshinda, alifikiri kidogo kabla ya kujibu.

"Mwanangu hakunikosea kitu. Nilikula nikashiba. Lakini mjini kule hakuna hata mmoja niliyeweza kumwambia 'unakumbuka ule mwaka' akakumbuka."

Jibu hilo ninalibeba mpaka leo, kwa sababu linasema kwa maneno machache kile ambacho wataalamu wa afya wanahangaika kukieleza. Kuwa peke yako si upweke. Mtu anaweza kukaa peke yake shambani siku nzima akawa na amani, na mwingine akaketi katikati ya ukoo mzima akiwa mpweke. Upweke ni pengo kati ya uhusiano unaouhitaji na ule ulio nao. Pengo hilo likidumu, mwili huishi kana kwamba uko hatarini: homoni za msongo hupanda, usingizi hukatika, damu husukumwa kwa nguvu kuliko inavyohitajika. Tena kuna mambo madogo ya nyumbani ambayo daktari hayaoni. Anayekula peke yake hula kidogo, na asiye na wa kumuuliza "umemeza dawa?" huzisahau. Mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti iliyokadiria kwamba mtu mmoja kati ya sita duniani anasumbuliwa na upweke, na kwamba upweke unahusishwa na vifo zaidi ya 871,000 kila mwaka. Chuo Kikuu cha Harvard nchini Marekani kimefuatilia maisha ya watu tangu mwaka 1938, na jambo moja linarudi katika matokeo yake: uhusiano mwema na watu wa karibu ni miongoni mwa vitu vinavyotabiri vizuri zaidi nani atazeeka akiwa na afya.

Mwalimu wetu alikuwa na mtoto, wajukuu na chakula. Alichokosa ni rika.

Katika mkoa huu wa Mara neno rika lina uzito wake. Kwa Wakurya, Wazanaki na Waikizu rika lilikuwa taasisi kamili. Waliotahiriwa pamoja walizeeka pamoja, wakidaiana, wakitaniana, wakizikana, na hakuna mtoto wala mkwe aliyeweza kuziba nafasi hiyo. Mwalimu Nyerere alipoachia urais mwaka 1985 alirudi Butiama, na wanaomkumbuka humtaja akicheza bao na wazee wenzake wa kijijini. Mtu aliyezunguka dunia nzima alirudi kwenye bao na kwa watu waliomjua kabla hajawa mtu mkubwa. Mimi naona hekima kubwa ya afya katika uamuzi ule.

Wenzetu walio mbali wamejaribu kuitengeneza hali hiyo kwa fedha. Tarehe 1 Januari 1960 ulifunguliwa mji wa Sun City huko Arizona, Marekani, uliojengwa kwa ajili ya wastaafu tu: nyumba ndogo, viwanja vya gofu, kumbi za kukutania. Vijiji kama hivyo sasa viko katika nchi nyingi, na watu huhamia humo wakiwa wajane na wagane, wakapata marafiki na wengine wakaoana tena. Ukiondoa gofu na bei, kinachouzwa pale ni rika chini ya paa moja.

Sisi tuna makazi ya wazee, lakini kusudi lake ni jingine. Nyabange, hapo Butiama, ni mojawapo ya makazi ya serikali, sawa na Bukumbi kule Misungwi, Kolandoto Shinyanga na Nunge Kigamboni. Zanzibar yako Sebleni na Welezo. Ni makazi ya wazee wasiojiweza na wasio na wa kuwatunza, na ndiyo maana mzee wa Musoma akitajiwa Nyabange huhisi ametupwa. Sioni sababu ya kuiga Arizona. Familia nyingi hapa haziwezi kulilipia jambo hilo na wala hazilitaki. Swali linalonikera ni dogo kuliko hilo: mzee anayekaa kwake Nyakato, au kwa mwanawe, hukutana na rika lake wapi, na nani anampeleka?

Sehemu moja nimeiona kwa macho yangu, na si mahali mtu angepatarajia. Vituo vyetu vya afya vina dirisha la wazee, lenye bango la kuomba mzee apishwe kwanza. Siku ya kliniki ya presha na kisukari wazee hufika saa moja asubuhi, ingawa wanajua mganga hataanza mpaka saa mbili na nusu. Niliwahi kudhani wanaogopa foleni. Siku moja nikakaa nao kwenye benchi. Mama mmoja alikuwa amefunga viazi vitamu kwenye kitambaa na kuvigawa. Mwingine alimshikia jirani yake kadi na kumsomea tarehe ya kurudi. Mwalimu wetu alikuwepo, na kando yake alikaa mjane anayeanika dagaa.

"Mzee mwenzangu, leo umechelewa," yule mjane alimwambia.

"Goti, mama. Bodaboda wamenikimbiza nikakataa kupanda."

"Basi kesho kutwa usikatae. Tutampitia yule wa Makoko, anaumwa."

Mganga alikuwa bado hajafika. Lakini matibabu ya kwanza yalikwisha kuanza. Kwingine benchi limefanywa tiba kwa makusudi: kule Zimbabwe, kuanzia mwaka 2006, daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda aliwafunza bibi wa mitaani kuketi kwenye benchi na kuwasikiliza wenye sonona, na utaratibu huo umefika mpaka Zanzibar. Bibi aliyedhaniwa mzigo alikuwa ndiye tabibu.

Safari ya kumwona mgonjwa Makoko inataka nauli, na hapo ndipo urafiki wa uzeeni hukwama kimyakimya. Tangu Aprili 2016 Zanzibar humlipa pensheni kila mzee aliyefikisha miaka 70. Ilianza kwa shilingi 20,000 kwa mwezi. Kiasi hicho hakijengi nyumba, lakini kinamtoa mtu nyumbani, na kinampa cha kushika mkononi akienda kumwangalia mwenzake, maana kwetu mtu mzima haoni vizuri kwenda mikono mitupu.

Sasa nije kwenye jambo linalofanya watoto wainamishe macho. Urafiki wa benchi wakati mwingine huwa mapenzi. Watoto husema, "Baba amechanganyikiwa," au, "Mama atatuaibisha, na umri huo!" Nimeketi kwenye vikao vya namna hii vya kutosha kujua kwamba chini ya aibu mara nyingi kuna kiwanja. Basi tuongee sheria. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haina umri wa juu wa kuoa au kuolewa. Kifungu cha 68 kinasema mjane yuko huru kuishi atakapo, kubaki bila mume, au kuolewa na mwanamume yeyote anayemchagua mwenyewe, hata kama mila inasema vingine. Kurithiwa na shemeji si wajibu wake. Kifungu cha 58 kinasema ndoa peke yake haihamishi umiliki wa mali ambayo kila mmoja alikuja nayo. Na wale wanaohamiana bila kufunga ndoa wakijua hivyo ni salama zaidi, wasome kifungu cha 160: wakiishi pamoja miaka miwili au zaidi huku jamii ikiwatambua kama mke na mume, sheria huwachukulia kuwa wameoana mpaka ithibitishwe vinginevyo. Kwa hiyo ushauri wangu kwa wazee ni kuandika wosia mapema mbele ya mashahidi, na kuwaambia watoto kwamba upo. Nimeona kikao cha hasira kikipoa kwa karatasi moja.

Mila zetu nazo zililijua hitaji hili la kuwa na mwenza kwa njia yao. Kwa Wakurya iko nyumba ntobu: mama aliyefika utu uzima bila mtoto wa kiume humtolea binti mahari, binti akaja kuishi naye, na watoto atakaowazaa wakawa wa nyumba ya yule mama. Sheria ya Ndoa haiitambui kama ndoa, na siwezi kuitetea pale binti anapoletwa akiwa mtoto bila hiari yake. Lakini nimekutana na wanawake wawili wazima wanaoishi hivyo, wanalima pamoja na kuuguzana, na mkubwa aliniambia kwamba usiku nyumba yake ina sauti. Kuogopa nyumba isiyo na sauti ni jambo ninalolisikia kila ninapokwenda.

Kuhusu mwili nitasema wazi, kwa sababu wazee huniuliza kwa kunong'ona. Baada ya kukoma hedhi ukavu ukeni ni wa kawaida na una tiba. Vilainishi husaidia, mwanamke asivumilie maumivu. Kwa wanaume, kisukari na baadhi ya dawa za presha hupunguza nguvu, naye daktari anaweza kubadilisha dawa, ila mgonjwa asiziache mwenyewe. Dawa za nguvu zinazouzwa stendi ni hatari. Mtu anayetumia dawa za moyo za jamii ya naitreti akizichanganya na hizo, presha inaweza kushuka ghafla mpaka kumuua. Na kupima virusi vya Ukimwi hakuna umri. Mjane wa miaka 65 na mgane wa miaka 70 wapime kabla, kama vijana, na mhudumu anayewacheka anastahili kukemewa.

Wako pia matapeli wanaonusa kiinua mgongo. Mwenza mpya akianza na habari ya mkopo kabla hajajua jina la mjukuu wako, mpe muda, na fedha usimpe.

Mwezi uliopita mtoto wa yule mwalimu alikuja kutoka Dar es Salaam. Alinipigia simu akiwa na hasira, akataka nimweleze huyo mama wa dagaa ni nani. Nilimwomba afike kliniki Jumanne saa moja asubuhi akae benchini kwa saa moja tu, asiseme kitu. Alifika. Baba yake alikuwa anacheka, kile kicheko cha kujipiga paja, na mama alikuwa akimsimulia ajali ya mtumbwi ya miaka mingi iliyopita ambayo wote wawili waliiona wakiwa vijana. Kijana alisimama pembeni muda mrefu. Kisha akaenda mbele ya yule mama, akainama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Kaa. Viazi bado vipo."