Simu ya Dukani

Kijana anayeniuzia kwenye agrovet yangu hapa Chekalini nilimnunulia simu janja ya kazi. Mvua za Machi zikikaribia, mzee hugeuzageuza pakiti ya mbegu: "Mwanangu, haya si mahindi ya posho yaliyopakwa rangi?" Kijana hukwangua kibandiko cha KEPHIS, wakaguzi wa mbegu, akatuma namba kwa 1393; jibu hutaja kampuni na aina ya mbegu.

Kweli, hilo hata simu ya kabambe huliweza. Mimi nilitafuta kamera. Tangu viwavijeshi vamizi waingie Kenya mwaka 2017, wateja huja na majani yaliyotobolewa, viwavi wakiwamo. Kijana huyapiga picha, hulinganisha na za mtandaoni, humwonyesha mama mwenye shamba alama ya Y iliyopinduka kichwani mwa kiwavi. Ndipo dawa huuzwa.

Bando nalipa mimi. Ya TikTok ajilipie.