Aliyefungua Redio ya Mamake

Ukipanda matatu asubuhi kutoka Kericho kwenda Bomet kupitia Litein, utaona chai kushoto na kulia, na wachumaji wamezama ndani yake hadi kiunoni, vikapu mgongoni. Kazi yenyewe ina wasiwasi siku hizi. Mei 2023 mashine za kuchuma chai zilichomwa moto huko Kericho na watu waliolia kwamba zimewapokonya riziki. Sasa hebu fikiria mama mchumaji anarudi jioni, hoi, na kukuta mwanawe ameifungua redio ya pekee nyumbani, vipande vimetapakaa sakafuni. Wewe ungemfanyaje mtoto huyo?

Usijibu haraka. Kuna mama wa Kimaasai huko Kitengela, kusini mwa Nairobi, aliyefikwa na mkasa huo huo. Mwanawe, Richard Turere, aliifungua redio yake mpya, na kijana mwenyewe husimulia kwamba siku hiyo nusura auawe. Lakini alikuwa amekwisha kuona kilichomo ndani.

Boma lao lilikuwa kando ya Mbuga ya Wanyama ya Nairobi, ambayo upande wa kusini haikuwa na ua. Pundamilia hutoka kutafuta malisho, nao simba huwafuata. Richard, mlinzi wa ng'ombe wa babake angali mtoto mdogo, aliamka asubuhi moja akakuta fahali ameuawa. Nao hawakuwa na fahali mwingine! Kwa mfugaji hiyo ni karo na akiba ya nyumba nzima iliyoliwa usiku mmoja. Kisha morani huenda kulipiza kisasi, na simba naye hufa.

Alianza kwa kuwasha moto. Wapi! Mwanga ukawasaidia simba kuona vizuri zaidi zizini. Akasimamisha sanamu ya mtu. Siku ya kwanza simba wakaiona, wakarudi; siku ya pili wakagundua jamaa hasogei, wakaruka ndani wakaua. Nakiri kwamba mimi ningekomea hapo. Yeye alikesha akizunguka na tochi, na usiku huo simba hawakuja. Kumbe waliogopa mwanga unaotembea!

Hapo ndipo redio ya mama ilipolipa. Akiwa na miaka 11 tu, bila kufundishwa na mtu, alitafuta betri kuukuu ya gari, paneli ndogo ya sola, swichi, indiketa ya pikipiki na taa za tochi zilizovunjika. Vitu ambavyo fundi yeyote wa pikipiki pale Sotik au Kapkatet anavyo, pengine vimetupwa chini ya benchi. Jua huchaji betri mchana; usiku indiketa huzifanya taa zilizoelekezwa nje ziwake na kuzimika.

Simba wakakoma. Bibi mmoja jirani, aliyekuwa amepoteza mifugo wengi, akaomba naye awekewe, na punde yakawa maboma saba. Richard akapata ufadhili wa masomo katika shule ya Brookhouse, Nairobi, na mwaka 2013 akapanda ndege kwa mara ya kwanza kwenda California, Marekani, kuzungumza katika mkutano wa TED.

Ukumbi uliangua kicheko alipoeleza kwamba simba hudhani yuko nje anazunguka zizi na tochi, kumbe yeye yumo kitandani, amelala.