Vitabu vya Karagwe na Wanunuzi Wake

Mwezi wa Novemba 1861 Mwingereza John Hanning Speke aliwasili Bweranyange, makao ya Mukama Rumanyika wa Karagwe, akapokewa kwa ukarimu ambao yeye mwenyewe hakuacha kuusifu. Na alipoondoka Januari 1862 kuelekea Buganda, akimwacha nyuma mwenziwe James Grant akiuguza mguu, alikuwa amebeba katika daftari zake bidhaa ambayo wafanyabiashara wa pembe waliokaa Kafuro, humo humo Karagwe, hawakuijua thamani yake. Desemba 1863 kitabu chake kilitolewa na John Blackwood wa Edinburgh, na Waingereza wakasoma habari za wanawake wa jumba la Karagwe walionyweshwa maziwa mpaka wakashindwa kusimama, na jinsi mgeni yule alivyochukua vipimo vya mwili wa mmoja wao. Wanyambo, wenyeji wa Karagwe, ambao habari ni zao, hawakuwamo miongoni mwa wanunuzi, wala hakuna aliyewatarajia kuwamo.

Kitabu kile kiliuzika, na sababu zake zinafaa kutazamwa kwa makini na kila mtu wa Kayanga au Nkwenda, katika eneo hilohilo, mwenye nia ya kuandika kitabu cha habari za kweli. Sababu ya kwanza ni kwamba swali lilitangulia kitabu: wataalamu wa Ulaya walikuwa wakibishana tangu kale juu ya chanzo cha mto Naili, kwa hiyo Speke hakuwa na haja ya kumshawishi msomaji kwamba jambo lile lina maana. Pili, habari zilitangulia karatasi, kwani alipofika Misri alikuwa amekwisha kupeleka simu ya waya kuwa suala la Naili limekwisha, na Juni 1863 watu walisongamana kumsikiliza mbele ya Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia, miezi mingi kabla kitabu hakijafika dukani. Na la tatu, ambalo waandishi wetu hawapendi kulisikia, ni kwamba Speke alikuwa askari na mwindaji, si mtu wa kalamu, na mswada wake ulikuwa na kasoro nyingi hata Blackwood akamtafuta John Hill Burton, mwanahistoria wa Uskochi (asichanganywe na Richard Burton, hasimu mkubwa wa Speke), auandike upya kwa sehemu kubwa. Jina la Burton huyo halikutiwa kwenye jalada, lakini bila ya mkono wake sidhani kama kitabu kingesomeka.

Henry Stanley, aliyemkuta Rumanyika mzee mwaka 1876, aliijua biashara hii kuliko wote waliomtangulia. Safari yake iligharimiwa na magazeti mawili, *Daily Telegraph* la London na *New York Herald* la Marekani, na barua zake zilikuwa zikichapishwa humo, basi kitabu chake cha juzuu mbili kilipotoka mwaka 1878 wasomaji walikuwa wamekwisha kuzoea sauti yake na walitaka tu kuupata mkasa mzima.

Karibu karne moja baadaye mwanahistoria Israel Katoke alitoa kupitia East African Publishing House ya Nairobi, mwaka 1975, historia ya ufalme wa Karagwe tangu takriban 1400 hadi 1915. Ni kazi ya kuheshimiwa, na mtu atakayeandika habari za Karagwe bila ya kuisoma atakuwa anajidanganya. Lakini iliandikwa kwa Kiingereza, kwa kanuni za chuo kikuu, na aliyekusudiwa kuisoma ni mwanachuo. Jirani wa Wanyambo, watu wa Kiziba, walikuwa wamefuata njia nyingine: Francis Lwamgira aliandika historia ya Kiziba na wafalme wake kwa Kihaya, nayo ikapigwa chapa mwaka 1949 na Rumuli Press huko Kashozi, mwendo mfupi kutoka Bukoba, ili isomwe na wenyewe. Kati ya njia hizi mbili mwandishi sharti achague kabla ya kuandika ukurasa wa kwanza, maana kitabu kinachomtaka profesa na mkulima kwa wakati mmoja aghalabu huwakosa wote wawili.

Basi tuseme amemchagua mkulima. Wilaya za Karagwe na Kyerwa, ambazo zilikuwa wilaya moja hadi Kyerwa ilipopewa mamlaka yake mwaka 2012, zinaishi kwa kahawa na ndizi, na mimea yote miwili imepata kuingiliwa na mnyauko: ule wa kahawa ulionekana Kagera mwaka 1997, na ule wa bakteria wa migomba karibu miaka kumi baadaye. Hapo swali limo tayari katika kila shamba, kama la Naili lilivyokuwamo katika kila baraza la wataalamu wa London. Lakini swali peke yake halimfanyi mtu atoe fedha mfukoni. Hutoa akiona kwamba jibu analopewa anaweza kulitumia kesho asubuhi. Mwandishi aliyeandika kuwa “vifaa vya shambani vitakaswe ipasavyo ili kuzuia uenezi wa vimelea” amesema kweli, na hakuna atakayemnunua. Aandike kwamba panga lililokata mgomba unaougua hupeleka ugonjwa katika mgomba wa pili; kwamba lipitishwe motoni mpaka lipate joto kabla ya kugusa shina jingine; kwamba ua dume liondolewe kwa kijiti chenye panda pasipo kutumia chuma, kwa sababu wadudu huchukua bakteria hapo; na kwamba ndizi iliyoiva kabla ya wakati, ukiikata ukaona nyama yake imegeuka rangi ya kutu, isipelekwe kwa jirani. Kisha ampe mkulima mmoja asiyemjua kurasa hizo azisome kwa sauti, na pale atakapokwama asimsahihishe, bali aipige mstari sentensi. Hiyo ndiyo kazi aliyoifanya yule Burton wa Uskochi, nayo hugharimu subira kuliko fedha.

Fedha zinakuja baadaye, na hapa hesabu haina huruma. Chukua mfano wa kukadiria: nakala 1,000 zinapigwa chapa kwa shilingi 4,000,000, yaani 4,000 kila moja, na bei ya kitabu ni 10,000. Duka likichukua 3,500 kwa kila nakala, mwandishi hubakiwa na 6,500, na kwa hivyo ni lazima auze nakala 616 kwanza ndipo arudishe gharama ya mtambo, ukiacha nauli, mizigo ya basi, na zile nakala za bure ambazo ndugu na marafiki hudhani ni haki yao. Akiogopa akachapa 300 tu, gharama ya kila nakala huenda ikapanda hadi 8,000, na kila atakachouza kwa duka kitamtia hasara. Ndiyo maana mwenye nakala chache huuza kwa mkono wake mwenyewe, na ndiyo maana pia haifai kuchapa nyingi kabla ya kuwahesabu wanunuzi kwa majina.

Nao wanapatikana wapi? Mtindo wa nchi yetu ni uzinduzi wenye mgeni rasmi, na kwa wakubwa unafaa: tawasifu ya Mzee Ali Hassan Mwinyi, *Mzee Rukhsa*, ilizinduliwa Dar es Salaam tarehe 8 Mei 2021, siku aliyotimiza miaka 96, na Rais Samia Suluhu Hassan akiwapo, basi magazeti yote yalikuwa na la kuandika. Kwa mtunzi asiye na cheo, rai yangu ni kwamba uzinduzi huuza heshima ya siku moja. Wageni huahidi nakala kumi kumi mbele ya kipaza sauti, na ahadi nyingine huishia papo hapo. Afadhali redio ya jamii, mfano wa FADECO ya Karagwe, ambapo mwandishi anaweza kueleza sura moja kwa wiki na kujibu maswali ya wasikilizaji, kama Stanley na magazeti yake. Afadhali gulio, na uwanja wa kanisa baada ya ibada. Askofu Benson Bagonza wa Dayosisi ya Karagwe ya KKKT ameonyesha kwa makala zake kwamba sauti inayotoka huku pembeni inaweza kusomwa nchi nzima. Na wakati nao una hukumu yake: kitabu kiletwe wakati malipo ya kahawa yamefika mikononi, si Januari, wakati kila mzazi anahesabu sare na madaftari.

Limebaki la mkataba. Wakulima wa Kagera wanaijua butura, yaani kumuuzia mlanguzi kahawa ingali maua kwa bei ya mwenye shida, ilhali serikali imeikataza mara nyingi. Na mwandishi anayepokea fedha za mkupuo mmoja akaachia haki zote za kitabu chake daima anafanya butura ya kalamu. Sheria ya Hakimiliki ya 1999 humlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake, lakini haimzuii kuziuza haki hizo kwa saini moja. Mrabaha wa kila nakala inayouzwa, ambao kwa desturi huwa karibu asilimia 10 ya bei, unaonekana mdogo siku ya kwanza, lakini humrudia kila kitabu kinapopigwa chapa tena. Mkataba utaje muda, utaje idadi ya nakala, na utaje lugha. Kinyambo kinakaribiana sana na Kinyankole cha ng'ambo ya mto Kagera, na mtu akivuka daraja la Murongo kuingia Uganda anakuta wasomaji ambao tafsiri moja ingewatosha wao na Wanyambo pamoja. Basi mwandishi wa Kyerwa anayewekewa karatasi isemayo “Kiswahili na lugha nyinginezo” aombe maneno matatu ya mwisho yafutwe kabla ya kutia saini.